Pwani Ile Si Tupu

Yako maneno ambayo hupita masikioni mwetu kama upepo wa jioni, wala hatuyasimamishi kuyauliza yatokako. Neno "tupu" ni moja katika hayo. Mtu akituambia kwamba shamba lile ni tupu, twaitikia kwa kichwa na kuendelea na njia yetu. Na hali ilitupasa tumwulize, tupu tangu lini, na ni nani aliyekuwamo kabla?

Neno hilo tumelikuta tena hivi karibuni katika matangazo ya meli za matembezi zinazopita pwani ya Kimberley, kaskazini-magharibi ya Australia. Matangazo hayo yamepambwa kwa picha nzuri kweli kweli: majabali mekundu, bahari ya samawati, maporomoko ya maji yaangukayo baharini, wala hamna nyumba, hamna moshi, hamna mtu. Msafiri huambiwa kwamba hiyo ni pwani ya mwisho duniani ambayo haikuguswa, na kwamba akilipa nauli atakuwa kama mvumbuzi wa zamani. Kisha hufuata maelezo ya namna ya kujiandaa: mwezi gani aende, achague meli kubwa au ndogo, achukue viatu vya aina gani. Mara chache sana twaliona humo swali ambalo kwa maoni yetu ndilo la kwanza: mwenye pwani ni nani, na je, msafiri amebisha hodi kwake?

Ndugu mmoja wa ofisini kwetu alipoona habari hizi mezani aliuliza kwa nini gazeti la wafanyakazi lipoteze wino kwa starehe za matajiri. Swali lake ni la haki. Nauli ya siku kumi au kumi na moja katika pwani hiyo mara nyingi huzidi dola 10,000 za Australia kwa mtu mmoja, na kwa hakika mpakuzi wa bandarini hataiona pwani hiyo ila katika picha. Lakini meli hizo huendeshwa na wafanyakazi. Chakula chao hupikwa na wafanyakazi, na mashuka yao hufuliwa na wafanyakazi. Tena pwani hiyo ina wenyewe, ambao walinyang'anywa kwa hila ambayo nasi twaijua. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria iliyoifanya ardhi yote ya nchi, iliyokaliwa na isiyokaliwa, kuwa ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Huko Australia walikwenda mbali zaidi: walisema kwamba nchi haikuwa na mwenyewe kabisa. Basi mambo ya Kimberley si hadithi ya ng'ambo tu.

Tuianze safari yenyewe, maana haifai mtu kuhukumu asichokijua. Jimbo la Kimberley lina kilomita za mraba zaidi ya 420,000, karibu nusu ya Tanzania, na watu wake hawafiki 50,000. Jina lake latokana na Lord Kimberley, aliyekuwa waziri wa makoloni wa Uingereza, yule yule ambaye mji wa almasi wa Afrika Kusini uliitwa kwa jina lake. Siku hizo jina moja la bwana wa London lilitosha kwa mabara mawili. Meli nyingi huanzia Broome, upande wa kusini, na kumalizia Darwin au Wyndham, upande wa mashariki, au hufanya kinyume chake. Kati ya miji hiyo kuna visiwa zaidi ya 2,000, na ghuba zilizokatika kama vidole vya mkono. Barabara haiifuati pwani hiyo. Ziko njia chache tu za vumbi zinazoifikia hapa na pale, na majira ya mvua nazo hufungwa. Asiye na chombo cha bahari au ndege haioni.

Jambo ambalo mpangaji wa safari hii hana budi kulijua kuliko yote ni maji. Msomaji wetu wa Pangani au wa Bagamoyo ajua bamvua na maji mafu tangu utotoni. Ajua kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvua ni kama mita nne. Huko Kimberley, karibu na Derby na katika ghuba za jirani, tofauti hiyo hupita mita 11. Ni kimo cha nyumba ya ghorofa tatu, nayo bahari hukipanda na kukishuka mara mbili kila siku. Mahali ambapo asubuhi mashua ilielea juu ya mikoko, mchana pana tope na mamba.

Liko fungu kubwa la mwamba wa matumbawe liitwalo Montgomery Reef, ambalo wenyeji huliita Yowjab. Lina kilomita za mraba zaidi ya 300. Maji yakipwa, fungu hilo huonekana kana kwamba lainuka kutoka baharini. Maji yaliyosalia juu yake humwagika kando zote kwa vijito visivyohesabika, na kasa na samaki huteremka pamoja nayo. Nahodha aliyekosea saa zake atawaonyesha abiria bahari shwari, naye atawaambia wasadiki tu kwamba chini yake liko jambo la ajabu.

Kaskazini ya mji wa Derby, katika Talbot Bay, safu mbili za vilima zimepasuka na kuacha milango miwili myembamba, mmoja nyuma ya mwingine. Bahari inapojaa au kupwa, maji hayawahi kupenya yote kwa wakati. Basi hurundikana upande mmoja hata huwa juu ya upande wa pili kwa mita kadhaa, kisha hupita kwa kishindo kama maporomoko yaliyolazwa ubavu. Kwa Kiingereza pameitwa Horizontal Falls. Kwa lugha ya wenyeji ni Garaanngaddim. Mahali hapo tutapataja tena, maana pana shauri kubwa.

Kwa hiyo mtu apangaye safari hii hapangi kwa kalenda ya likizo yake, bali kwa mwezi wa mbinguni. Wiki ya bamvua na wiki ya maji mafu ni safari mbili mbalimbali, ingawa nauli ni moja. Watu wengi hulipa pasipo kuuliza, kisha humlaumu nahodha.

Habari ya majira ni nyepesi zaidi. Mvua na tufani hutawala kuanzia Novemba mpaka Aprili, na meli husafiri baada ya hapo mpaka Septemba au Oktoba. Atakaye kuona maporomoko yamejaa, kama yale pacha ya King George yenye kimo cha mita zipatazo 80, aende mapema, mwezi wa Mei au Juni. Mwezi wa Agosti huenda akakuta mwamba mkavu wenye doa la maji. Atakaye kuwaona nyangumi wenye nundu, ambao hupanda kutoka bahari ya barafu ya kusini kuja kuzaa katika maji ya vuguvugu ya Camden Sound, aende Agosti au Septemba. Vyote viwili kwa pamoja ni vigumu kuvipata. Ama kuogelea, asifikirie. Mwaka 1987 msafiri mmoja kutoka Marekani aliuawa na mamba chini ya maporomoko ya mto Prince Regent, mahali pazuri ambapo macho hayawezi kuamini kwamba pana mauti.

Hayo yote matangazo huyasema, tena huyasema vizuri. Tugeukie sasa wasiyoyasema.

Katika ghuba iitwayo Careening Bay uko mbuyu. Naam, mbuyu, kama ule wa Dodoma au wa Bagamoyo, ila ni wa jamii nyingine ya ukoo ule ule. Mwaka 2024 wataalamu walitoa uchunguzi wao wa nasaba ya mibuyu yote, wakaona kwamba asili yake ni Madagascar, na kwamba mbegu zilichukuliwa na bahari hadi Afrika upande mmoja na Australia upande mwingine. Mwaka 1820 nahodha Phillip Parker King wa majeshi ya majini ya Uingereza alikipandisha pwani hapo chombo chake, Mermaid, kilichokuwa kikivuja, ili kizibwe. Watu wake wakachonga katika shina la mbuyu jina la chombo na mwaka. Mti ungali hai, na herufi zimenenepa pamoja na gome. Wasafiri wa leo hupelekwa kuutazama, wakapiga picha, wakaelezwa kwamba hiyo ni alama ya kale ya mwanadamu katika pwani hii.

Hatuna ugomvi na King. Alikuwa baharia hodari, na ramani zake ziliokoa roho nyingi. Lakini ramani hizo zenyewe zatoa ushahidi juu ya pwani "tupu". Jina la Montgomery ni la daktari wa meli yake, Andrew Montgomery, ambaye mwaka 1821 alichomwa mkuki na wenyeji. Mtu hachomwi mkuki na pwani tupu! Na katika Vansittart Bay kuna kisiwa ambacho King alikiita Kisiwa cha Mitungi, Jar Island, kwa sababu mwaka 1819 alikuta humo vigae vya mitungi. Vigae hivyo viliachwa na wavuvi wa Makassar, kutoka kisiwa cha Sulawesi, waliokuwa wakija kwa pepo za msimu kuvua jongoo bahari, wakarudi pepo zikigeuka, sawa na majahazi yaliyokuwa yakija Zanzibar na kurudi Arabuni. Kumbe kabla ya mvumbuzi kufika, pwani ilikuwa na wenyeji, na tena ilikuwa na wageni waliozoea kuja.

Ama wenyeji, alama zao si za mwaka 1820. Katika mapango ya pwani ile kuna picha za Wandjina, roho za mawingu na mvua: nyuso nyeupe, macho makubwa, hazina midomo. Ziko picha za kale zaidi, za watu wembamba wenye mapambo, ziitwazo Gwion Gwion. Mwaka 2021 wataalamu waliopima viota vya nyigu vilivyogandamana na rangi walitangaza kwamba picha moja ya kangaruu katika jimbo hilo ina umri wa miaka ipatayo 17,300. Tafadhali, ndugu msomaji, iweke hesabu hiyo kando ya ule mwaka wa mbuyu.

Basi watu hao walikwenda wapi hata picha za matangazo zikawa hazina mtu? Hawakwisha wenyewe. Katika karne ya 19 wakaja wafugaji wa ng'ombe na wafanya biashara ya chaza za lulu. Waaborijini, wanaume kwa wanawake, walikamatwa na kutiwa katika mashua ili wapige mbizi pasipo chombo chochote cha kupumulia; mambo yalizidi kiasi kwamba mwaka 1871 ilibidi itungwe sheria ya kukataza wanawake wasitumiwe. Baadaye wakaletwa wapiga mbizi kutoka Japani, na waliozikwa katika makaburi yao yaliyo Broome wazidi 900. Faida ya kazi hiyo ilikuwa nini? Vifungo vya mashati, kwa sehemu kubwa. Abiria apandaye meli Broome hupita karibu na makaburi hayo akienda gatini, na ni vema mwenye kupanga safari ajitengee saa moja ya kuyatembelea. Si katika mapato ya meli, wala hayana tikiti.

Kisha zikaja misheni. Sisi tuliosoma katika shule za misheni hatuwezi kuyasimulia mambo hayo kwa jeuri ya mtu ambaye hakula mkate wao. Huko Kunmunya, katika nchi ya Waworrorra, Wapresbiteri walikuwa na kituo, na tangu 1927 hadi 1940 kiliongozwa na J. R. B. Love, aliyejifunza Kiworrorra na kutafsiri sehemu za Injili katika lugha hiyo. Mtu ajifunzaye lugha ya watu amewaheshimu, hilo hatulikatai. Lakini misheni iliwakusanya watu waliokuwa wametawanyika katika nchi yao, na watu waliokusanywa ni rahisi kuhamishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walihamishiwa Wotjulum, na mwaka 1956 wakapelekwa Mowanjum, karibu na mji wa Derby, Waworrorra pamoja na Wangarinyin na Wawunambal, mbali na mapango yao na mbali na bahari yao.

Jambo hili lilileta hasara ambayo mgeni hawezi kuifahamu asipoelezwa. Picha za Wandjina hazikuchorwa mara moja na kuachwa. Kwa desturi, wenye kuzitunza walizipaka upya, kizazi baada ya kizazi, ili nguvu yake isikatike na mvua isikome. Wenyewe walipoondolewa, rangi zikaanza kufifia. Mtalii asimamaye pangoni na kustaajabia "ukale" wa picha iliyopauka, pengine anastaajabia kuhamishwa kwa watu. Na ghuba aionayo shwari, isiyo na moshi, haikuumbwa hivyo. Moshi ulizimwa, tena katika siku ambazo wengi wetu tulikuwa na wazazi waliokwisha kuzaliwa.

Wenyewe hawakunyamaza. Mwaka 2000, Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa Sydney, uso mkubwa wa Wandjina aitwaye Namarali uliinuliwa mbele ya dunia nzima, kazi ya mchoraji wa Kiworrorra Donny Woolagoodja. Mahakama Kuu ya Australia ilikuwa imekwisha kuamua, tarehe 3 Juni 1992, katika kesi ya Mabo, kwamba ule usemi wa nchi isiyo na mwenyewe haukuwa sheria ya haki. Mwaka 2011 mahakama ikatambua haki za jadi za watu wa Dambimangari na wa Wunambal Gaambera juu ya nchi zao katika pwani hii, na mwaka 2013 ikazitambua za Balanggarra, upande wa mashariki. Kwa hiyo sehemu kubwa ya njia ipitwayo na meli hizi yapita katika nchi yenye wenyewe, na jambo hilo limeandikwa mahakamani. Ni jambo la sheria, si la huruma.

Ndipo tufikapo kwenye shauri la Talbot Bay. Kwa watu wa Dambimangari, Garaanngaddim ni mahali patakatifu, pana nguvu ya nyoka wa uumbaji, na hawapendi watu wapenye katika milango ile. Kwa miaka mingi mashua za kasi zimepenya na abiria wakipiga kelele za furaha. Mei 2022 mojawapo ilipata ajali humo na watu wengi wakaumia. Sasa serikali ya Australia Magharibi imetangaza kwamba safari za kupenya zikome mwaka 2028. Watu wataendelea kuyatazama maji hayo kutoka nje, kwa mashua au kutoka angani kwa ndege.

Wako wanaolalamika. Wasema kwamba kazi zitapotea Broome na Derby, kwamba wageni watapungua, kwamba ajali moja si sababu ya kufunga njia. Hoja ya kazi hatuipuuzi. Gazeti hili haliwezi kuipuuza kazi ya mtu. Mwendesha mashua ana watoto, na watoto hawali heshima ya nyoka wa mtu mwingine. Lakini na tuiulize hoja hiyo mpaka mwisho wake. Kazi hiyo ilisimama juu ya nini? Ilisimama juu ya mlango wa nyumba ya mtu ambaye hakuulizwa. Mwenye nyumba ametambuliwa na mahakama, amesema tazameni lakini msipite, tena ametoa muda wa miaka kadhaa ili watu wajipange. Kama kanisa au msikiti wa mji wowote ungekuwa na njia ya mashua katikati yake, sidhani kama ingehitajiwa hoja ndefu. Tunaunga mkono uamuzi huo, na twaona hata mpangaji wa safari wa leo, kabla ya 2028 haijafika, hana sababu ya kukimbilia kupenya "kabla hapajafungwa". Haraka ya namna hiyo ni sawa na ya mgeni anayeambiwa aondoke kesho, naye usiku akafungua makabati.

Heri waingie kwa mlango uliofunguliwa, kwa kuwa mlango huo upo. Katika nchi ya Wunambal Gaambera, ambayo wenyewe huiita Uunguu, mgeni hutakiwa kuwa na pasi ya Uunguu, naye huelezwa ni mahali gani paruhusiwa kushuka na mahali gani hapana. Fedha ya pasi husaidia kuitunza nchi, na walinzi wake ni vijana wa nchi hiyo, ambao huchunguza nguva na kasa, huchoma nyasi kwa wakati wake ili moto mkubwa usije, na huangalia mapango. Huko Freshwater Cove, kwa Waworrorra, wageni hupokewa na wenyeji wenyewe: hupakwa udongo mwekundu usoni ili nchi iwatambue, kisha huongozwa kwa miguu hadi pangoni na kuelezwa ni nani yule ukutani na ni wa ukoo gani. Mtu aliyeshuka hapo hatasema tena kwamba pwani ile ni tupu. Iko tofauti kubwa kati ya meli inayotia nanga mahali kama hapo na meli inayowapitisha abiria wake katika ghuba ishirini bila ya kuwakutanisha na mtu mmoja mwenye ghuba.

Limebaki neno la mabaharia. Katika biashara hii ziko meli zipeperushazo bendera ya Australia na kuajiri kwa sheria za Australia, na ziko zinazokuja msimu ule tu kutoka bahari nyingine, zenye bendera za nchi nyingine, na mabaharia wake wengi ni ndugu zetu wa Ufilipino na Indonesia. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika 2013, wasema kwamba mahali panapohesabiwa saa za kazi, baharia asizidishe saa 14 katika muda wa saa 24, wala saa 72 katika siku saba. Saa 72 kwa wiki! Na hicho ndicho kilichohesabiwa kuwa ushindi. Abiria anayeamshwa alfajiri awahi maji ya kupwa huko Montgomery akumbuke kwamba aliyeshusha mashua ya mpira aliamka kabla yake, na kwamba usiku, abiria akiwa mezani akisimulia ushujaa wake, yule angali akiosha chumvi katika mashua hiyo. Mpangaji akiuliza juu ya ukubwa wa dirisha la chumba chake, aulize na hili: meli ina bendera ya nani, na mabaharia hulipwa kwa sheria ya nani?

Hatusemi watu wasiende. Yule ndugu wa ofisini alidhani ndiko tunakoelekea, naye alikosea. Pwani ile ni ya ajabu, na wenyewe wamesema kwamba wageni wanakaribishwa wakija kwa adabu. Sisi ni nani hata tufunge mlango ambao mwenye nyumba ameufungua? Tunalokataa ni utaratibu wa kupanga unaoanza kwa mwezi na meli na viatu, na mwenye nchi akawekwa mwisho, pamoja na dawa ya mbu. Uanze kwake. Msafiri atazame ramani ajue ghuba gani ni ya Dambimangari, gani ya Wunambal Gaambera, gani ya Balanggarra. Ndipo aitazame kalenda ya mwezi na bamvua. Ndipo achague chombo.

Na kabla ya kutoa arubuni aiandikie ofisi ya meli barua fupi, aulize ni mahali pangapi katika safari hiyo abiria hupokewa na wenyeji, ni pasi ngapi zililipiwa msimu uliopita, na kama nahodha ataingiza mashua katika milango ya Garaanngaddim. Barua hiyo yaenea katika nusu ya karatasi, na majibu yake ofisi inayo, maana hesabu za pasi zimo katika vitabu vyake.